Jungle Action namba 24: stelingi kaachwa hewani tangu Novemba 1976

Msomaji wa Posta

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mwaka 2005 nilikuwa napita kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza chini pale Posta. Nikaona bunda limefungwa kamba ya katani: juu magazeti ya mapishi ya Kijerumani, katikati kitabu cha kufundishia piano, chini kabisa pembe mbili za karatasi za rangi zimechungulia. Jamaa hataki kufungua bunda. Elfu mbili, chukua lote au acha lote. Nikachukua na mapishi yake.

Zile pembe mbili zilikuwa komiki za Marvel, kampuni ya Marekani ya hadithi za mashujaa, jina lake Jungle Action namba 22 na namba 24. Stelingi ni Black Panther, yaani T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika. Wakati huo sinema yake haijatoka, mtu ukimtaja mtaani hakuna anayekuelewa. Namba 22 niliisoma ndani ya daladala ya Mbagala nikapitiliza kituo.

Niwasimulie kwa nini nilipitiliza. T'Challa yuko Georgia, Marekani, nyumbani kwa wazazi wa mchumba wake Monica Lynne. Dada yake Monica, Angela, amekufa na hakuna anayetaka kusema amekufaje. Ku Klux Klan, lile genge la Wazungu wabaguzi, wako kila mahali. Sasa katika toleo hili, mama yake Monica anasimulia habari ya ndugu yao wa zamani, Caleb, mtu aliyetoka utumwani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na jinsi Klan walivyomfuata. Mama anasimulia ilivyokuwa. Monica anamsikiliza, lakini kichwani mwake anaiona hadithi nyingine, ambayo ndani yake Black Panther anatokea kwenye ule usiku na kuwachapa. Unasoma habari moja kwa njia mbili: maneno ya mama yanamuua Caleb, picha za binti zinamwokoa. Nimesoma vitabu vingi vyenye heshima zao maktabani ambavyo havijafika hapo.

Nikafungua 24. Anatokea adui anayeruka, anaitwa Wind Eagle. Purukushani, kurasa zinaisha, habari ya Angela haijapata jibu, nasubiri namba 25.

Namba 25 haipo, haikuwahi kuchapwa.

Mimi sikujua. Nilidhani mwanya wangu mkubwa ni 23, ile niliyoiruka. Nikasema ufunguo uko humo. Wakuu, nilitafuta 23 kwa miaka. Kila bunda pale Posta nililipekua, nikamsumbua shemeji aliye Ujerumani, nikamsumbua na rafiki yake shemeji. Mwaka 2013 mtu akanitumia kurasa zake kwenye barua pepe. Nikafunga mlango wa ofisi, nikafungua, nikakuta Daredevil, shujaa mwingine kabisa wa Marvel.

Namba 23 ni hadithi ya Daredevil namba 69 ya mwaka 1970 iliyochapwa upya kwa sababu Black Panther anapitapita humo. Kazi ilichelewa, wakajazia kiporo. Miaka minane nimetafuta kiporo.

Naendelea, nipeni dakika niweke maji ya chai.

Dada Makorora

Nimeweka kambi. Hapo kwa Caleb umenishika.

Mbishi Asilia

Mkuu ungeingia tu mtandaoni 2005 ungejua kila kitu, cafe zilikuwepo.

Msomaji wa Posta

@Mbishi Asilia shilingi mia tano nusu saa, na mimi nilikuwa nafungua barua pepe za kazi. Tuendelee.

Kwa wasiojua ukoo wa komiki hii. T'Challa alitokea mara ya kwanza mwaka 1966 kwenye Fantastic Four namba 52, ya Stan Lee na Jack Kirby. Baada ya hapo akawa mtu wa kukaa benchi kwenye timu ya Avengers. Jungle Action yenyewe ilianza 1972 ikiwa jaa la hadithi za miaka ya 50: Mzungu amevaa ngozi ya chui, anaruka na kamba, Waafrika nyuma yake wanashangaa au wanakimbia. Ndani ya ofisi ya Marvel kulikuwa na kijana wa kusahihisha maandishi, Don McGregor, akawa analalamika kwamba hii ni aibu, hii ni miaka ya 70. Mabosi wakamwambia haya, andika wewe.

Akaandika. Kuanzia namba 6, Septemba 1973, akaanza mkasa mmoja mrefu ndani ya Wakanda uliokwenda mpaka mwishoni mwa 1975. Wakati huo komiki nyingi zinamaliza kisa ndani ya toleo moja au mawili, huyu anatembea na kisa kimoja zaidi ya miaka miwili, na kila toleo linatoka baada ya miezi miwili! Erik Killmonger mnayemjua wa kwenye sinema ya 2018 alizaliwa humo, namba 6, pamoja na maporomoko anayomtupia T'Challa. Tofauti ni mwisho. Kwenye komiki, Killmonger hauawi na mfalme. Anasukumwa majini na mtoto, anaitwa Kantu, ambaye tangu mwanzo unamwona anacheza pembeni na wala humhesabu.

Wahusika wote karibu ni weusi. McGregor amesimulia mara nyingi jinsi ofisini walivyokuwa wanamuuliza, Wazungu wako wapi? Hadithi iko Afrika, nchi haijawahi kutawaliwa, bado mtu anauliza Wazungu wako wapi. Basi namba 19, Januari 1976, akawapelekea Wazungu. Akawapelekea Klan.

Kalamu Nyeusi

😂😂😂 "Wazungu mliowaomba hawa hapa."

Naomba nichomekee kitu kama mchoraji, maana mleta uzi anamsifu mwandishi peke yake. Zile kurasa unazopitiliza nazo kituo kazichora Billy Graham kwa sehemu kubwa. Mtu mweusi, na wakati ule wachoraji weusi pale Marvel unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Alishika kalamu kwenye komiki ya Luke Cage, shujaa mweusi mwingine, tangu toleo la kwanza 1972. Ukitaka kumjua, usiangalie ngumi. Angalia watu wakiwa wamesimama tu. Baba yake Monica akiwa kibarazani, mabega yameshuka, huhitaji kusoma maneno.

Halafu jalada la namba 21. T'Challa kafungwa kwenye msalaba unaowaka moto. Hii ilikuwa inauzwa karibu na bazoka za watoto, mwaka ambao Marekani inasherehekea miaka 200 ya uhuru. Mimi nachora katuni za gazeti na najua mhariri anavyotetemeka kwa vitu vidogo zaidi ya hicho. Nimewahi kurudishiwa mchoro kwa sababu kitambi cha mheshimiwa kimezidi.

Mtu wa Kisumu

Kumbe Storm, yule shujaa wa kike wa X-Men, timu nyingine ya Marvel, naye alitoka miaka ileile ya Panther wa Georgia. Storm walimtoa 1975, mama yake Mkenya, na walipomkuta alikuwa Kenya anaabudiwa kama mungu wa mvua. Mwaka mmoja baadaye Panther yuko Georgia anachomwa. Hawa wawili walikuja kuoana 2006 na ndoa haikukaa. Sisi wakwe hatukuambiwa chochote.

Mbishi Asilia

Sasa mimi nitasema na mtanichukia. Komiki ilikatwa kwa sababu haikuuzwa. Basi. Umeandika aya kumi za kilio lakini biashara ni biashara. Mashabiki wa McGregor walikuwa wanafunzi wa chuo wanaoandika barua ndefu kwa mhariri, watoto wenye senti 30 walikuwa wananunua Spider-Man. Nimejaribu kusoma ile ya Killmonger, maneno mengi mpaka picha hazipumui. Jamaa anapigwa na faru na bado kuna aya tatu kuhusu upweke.

Msomaji wa Posta

Maneno mengi, nakubali. Kuna ukurasa unatamani kumwambia McGregor mkuu, tumeona, mchoro unaonyesha. Lakini ndiyo maana ukimkata katikati inauma. Mtu wa maneno machache ukimkata umepoteza machache.

Kinachoniuma si kukatwa, na hapo ndipo nilitaka kufika. Komiki zinakatwa kila mwaka. X-Men yenyewe ilikatwa hadithi mpya kwenye namba 66, Machi 1970, ikawa inarudia viporo mpaka namba 93, halafu 1975 ikafufuka na leo ni mali. Kinachoniuma ni alichofanyiwa msomaji. Jungle Action 24 ni Novemba 1976. Januari 1977, yaani zamu ileile ambayo 25 ingetoka, inatoka komiki mpya inayoitwa Black Panther namba 1. Jina lake sasa liko kubwa juu. Unakimbilia kununua ujue nani alimuua Angela. Unafungua, unamkuta mfalme wako na mtu mfupi anayekusanya vitu vya kale, wanahangaikia sanamu ya chura wa Mfalme Sulemani inayovuta watu kutoka nyakati nyingine.

Georgia haipo, Monica hayupo, wala huambiwi samahani. Ni kama unamsikiliza bibi anakusimulia msiba, anakwenda kuchota maji, anarudi anaanza hadithi ya sungura na fisi.

Na aliyeandika na kuchora hiyo ya chura ni Jack Kirby. Mtu aliyemzaa T'Challa! Kwa miaka mingi mimi sikutaka kumsikia.

Kalamu Nyeusi

Hapana hapana. Kwa Kirby tusimame kidogo.

Mzee huyu aliondoka Marvel 1970. Kazi mojawapo ya mwisho kabla hajaondoka ni Silver Surfer namba 18, na hiyo nayo ni toleo la mwisho la mfululizo uliokatwa. Surfer anasimama ukurasa wa mwisho uso umejaa hasira, amechoka na binadamu, anatangazwa atakuja mpya, mkali. Hakuja. Kirby akahamia DC, kampuni pinzani, akajenga ulimwengu wake mwenyewe, New Gods na wenzake, vita kati ya sayari mbili, kila kitu kutoka kichwani mwake. Mwaka 1972 wakamkata kwenye namba 11. Vita viko katikati. Aliruhusiwa kurudi kuifunga hadithi miaka ya 80, na hata hapo si kama alivyotaka.

Kwa hiyo huyo unayemlaumu kwa kumkatia McGregor, mwenyewe alikuwa amerudi Marvel 1975 na kidonda kilekile. Amepewa kitabu, akafanya anachojua: chura, wafalme, mashine. Na alikuwa mtu wa kuandika vyake, hakuwa mtu wa kumalizia sentensi ya mwenzake.

Na ngoja nikupe ya mwisho. Hiyo Black Panther ya Kirby, yeye mwenyewe aliishia namba 12, kisa kikiwa katikati. 13 mpaka 15 wamemalizia wengine, kisha Mei 1979 ikafungwa nayo.

Msomaji wa Posta

Najua, ndiyo maana nimesema "kwa miaka mingi". Nilipojua habari ya New Gods nilikaa kimya siku mbili. Lakini hasira ya msomaji haiangalii wasifu wa mtu, mkuu. Mimi nimekaa kibarazani kwa akina Lynne nasubiri jibu, halafu mtu ananiletea chura.

Dada Makorora

Samahani, mimi si mtu wa komiki. Nimekua Tanga na mama alikuwa ananunua magazeti ya hadithi, ya mapenzi na ya kijasusi, ukurasa wa mwisho "itaendelea toleo lijalo". Kuna moja lilifika sehemu ya kumi na nne, mke kagundua barua kwenye koti la mume, gazeti likapotea mtaani moja kwa moja. Mama alikuwa anamuuliza muuza magazeti kila Ijumaa. Mwishowe wakaanza kuimalizia wenyewe, yeye na jirani yetu, wakisuka ukili. Kila mmoja ana mwisho wake na wanagombana kwelikweli. Jirani anataka mume afe, mama anataka arudi aombe radhi.

Swali langu: huyu Angela, hakuna aliyekuja kusema nani alimuua? Yaani mpaka leo?

Msomaji wa Posta

@Dada Makorora swali zuri na jibu linauma vilevile. Walisema. Mwishoni mwa 1979 na mwanzoni mwa 1980, kwenye komiki nyingine, Marvel Premiere, namba 51, 52 na 53. Mwandishi Ed Hannigan, mchoraji Jerry Bingham. Si McGregor, si Graham. Na ili waeleze kwa nini mfalme aliondoka Georgia bila kumaliza kazi, wakasema alipoteza kumbukumbu. Monica anamtafuta, anamkuta, na mwanaume aliyelia naye hamkumbuki.

Nitakuwa mwaminifu: kazi si mbaya. Hannigan alipewa nyumba yenye kuta tatu akajenga ya nne. Lakini unaona kabisa matofali ni ya rangi nyingine. Wind Eagle, yule niliyemwacha hewani, jina la sura ya kwanza tu linakwambia ameuawa. Kila kilichoanzishwa kinafungwa harakaharaka kama mtu anayekusanya nguo kwenye kamba mvua imeanza.

Kuna mwandishi wa habari kwenye hadithi ya Georgia, Kevin Trublood, ndiye wa kumhurumia zaidi. Kwenye namba 20 McGregor alimpa hotuba nzima kuhusu nchi aliyofundishwa shuleni na nchi anayoiona. Mzungu mdogo anayetaka kuamini. Mtu kama huyo unamjenga ili aje avunjike au asimame, na kufika huko unahitaji muda.

McGregor mwenyewe alirudi kwa T'Challa 1989, vipande vya kurasa nane nane kwenye Marvel Comics Presents, safari hii Gene Colan akichora, na mfalme yuko Afrika Kusini ya makaburu anamtafuta mama yake. Kwa hiyo hakukatishwa tamaa. Lakini ile ya Georgia ilishafungwa na mkono mwingine.

Mbishi Asilia

Sawa, mmenigusa kidogo kwa Kirby. Ila mauzo ni mauzo, hamjajibu.

Kalamu Nyeusi

Nakujibu mimi maana hili hata gazetini kwetu lipo.

"Haikuuzwa" pale Marekani wakati ule ilipimwaje? Komiki zilikuwa zinakwenda kwenye vibanda kwa mali kauli. Muuzaji anachukua, asizouza anarudishiwa hela. Kurudisha kitabu kizima ni gharama, kwa hiyo anachana jalada, au kipande cha juu chenye jina, anarudisha hicho kama ushahidi. Kilichobaki kinatakiwa kiharibiwe. Baadaye hata kuchana wakaacha, wasambazaji wanajaza tu karatasi na kusaini kwamba nakala kadhaa hazikuuzwa na zimeteketezwa. Unafikiri zote ziliteketezwa? Nyingi ziliuzwa kwa mlango wa nyuma, bila jalada, kwa senti tano, kumi. Mchapishaji anaona kwenye hesabu zake kwamba zile nakala hakuna aliyezitaka.

Sisemi Jungle Action ilikuwa inauza kuliko Spider-Man, isije ikawa mnasema nimeleta chai. Nasema namba iliyomfikia bosi mezani ilipita mikono mingi, na wote walikuwa na njaa.

Mtu wa Kisumu

Hii ya kuchana jalada naijua. Hata hapa kulikuwa na majarida ya nje yanauzwa stendi bila uso.

Mbishi Asilia

Haya. Nimeelewa. Mwambie huyo mwenye 24 atupigie picha ukurasa wa mwisho basi tuone.

Msomaji wa Posta

Nimepiga, mwanga si mzuri, umeme umekatika natumia tochi ya simu. Ile alama ya kahawia pembeni ni chai ya 2005, msinilaumu, nilikuwa sijui nimeshika nini. Na ile mistari ya kalamu ya bluu si yangu. Kuna mtu kabla yangu, sijui wa nchi gani, alianza kumpaka Wind Eagle rangi juu ya rangi, akafika mabawa akaacha.

23 nimeichapa kwa printa, nimeiweka katikati ya 22 na 24 kwenye bahasha moja. Daredevil na pembe zake. Nilitaka kuitoa, lakini ndivyo ilivyotoka.

Dada Makorora

Nimemsomea mama sehemu ya Caleb kwa simu, natafsiri huku nasoma. Amesema Monica ana haki ya kuiona anavyotaka ila asimkatishe mama yake.

Mgeni Njiani

Wakuu nimekuwa nasoma kimya tangu jana, nimejiunga ili niandike hili. Niko Moshi. Marehemu babu alikuwa na sanduku la vitabu alilopewa na walimu Wamarekani waliokuwa wanafundisha naye, wakati wanarudi kwao. Humo kuna komiki kama saba. Nimekwenda kuzipekua baada ya uzi huu. Moja ukurasa wa kwanza chini, maandishi madogo, imeandikwa Jungle Action, namba 20. Duka kubwa, watu wanapigana katikati ya makopo, na yule Mzungu mwandishi anaongea sana. Iko nzima ndani.

Ila haina jalada. Limechanwa kwa kunyooka, kama kwa rula.

Kalamu Nyeusi

Usiiguse na mikono yenye mafuta.

Msomaji wa Posta

Mkuu wa Moshi, njoo PM. Siinunui, usiuze. Nataka tu kuja kuiona. Jumamosi nina basi la saa kumi na mbili asubuhi.